Maisha yakikushusha bila kukuuliza, unajifariji na nini? Tupeane uzoefu

NyotaYaSouthB: Wadau, kazi iliisha, kodi ya South B ikanishinda, sasa niko Kayole, hapa hapa Nairobi, chumba kimoja na watoto. Leo mdogo kaniuliza tunarudi nyumbani lini. Nikajifungia bafuni kidogo. Lakini ukweli usemwe, chapati za huyu mama wa pale chini, jioni zikiwa moto, South B sikuwahi kuzipata. Nyinyi mlizoea vipi?

Soweto_Damu: Pole dada, ila "kushushwa" hadi Kayole? Sisi tuliozaliwa huku tulishushwa kutoka wapi?

NyotaYaSouthB: Kaka, sikumaanisha hivyo.

Soweto_Damu: Umemaanisha. Endelea tu.

MamaMakochi: Umenigusa pabaya. Mzee wangu alipofariki nilitoka Buruburu nikaenda Zimmerman, bedsita ya chumba kimoja, ghorofa ya nne. Nikabeba seti ya makochi ya watu saba, ile tuliyonunua kwa mkopo wa sacco. Vijana wa mkokoteni waliyageuza, wakayasimamisha, wakang'oa miguu, ngazi ikakataa. Ploti nzima imejipanga kwenye korido kutazama. Keateka, msimamizi wa ploti, anafoka kwamba nimeziba njia. Ilikuwa Aprili, wingu limetanda, vijana wakachukua hela yao wakaenda zao. Nikaketi kwenye kochi langu nje, kando ya tangi la maji, mama mzima nalia. Akapita mzee wa mayai na smoki, akaegesha toroli, akakalia kochi la pili bila hata hodi. "Mama, hii hoteli inafungua saa ngapi?" Nilicheka na kamasi juu. Watoto wa ploti wakajaza nafasi zilizobaki, tukala mayai pasua hapo hadi matone yakaanza. Kesho yake niliyauza kwa bei ya kutupa na bado inaniuma, asije mtu hapa kuniambia vitu ni vitu tu. Ila kila jioni napitia yai langu. Kachumbari nyingi.

Abiria44: Ukweli mtupu. Zimma watu huhama na fanicha ya matajiri wa Runda.

ChaiKavu: Mimi nina kisukari. Chai bila sukari niliinywa kama adhabu. Siku hizi natia tangawizi na iliki, nakaa mlangoni asubuhi, nashukuru.

Mpenda_Asili: Tumia asali ya Kitui.

ChaiKavu: Asali nayo hupandisha sukari, klinikini walinionya.

Mpenda_Asili: Babu yangu alikula asali mpaka uzee wake.

Abiria44: Babu yako alichunga ng'ombe kutwa. Wewe unaita boda ikupeleke dukani.

DemioYangu: Kazi ilipopungua niliuza gari. Mnunuzi alilipa bila kuvutana bei, nikasema Mungu ni mwema. Baadaye nikaliona nje ya kanisa. Aliyeshuka ni mke wangu wa zamani. Mnunuzi ndiye mume mpya.

Soweto_Damu: WEEE!

Abiria44: Ngoja nichukue kiti. Alijua ni lako?

DemioYangu: Stika ya shule ya mtoto bado iko kwenye kioo. Na mtoto wangu hupanda kiti kile kile cha nyuma.

MamaMakochi: Mwanangu, pole. Usipite barabara ya kanisa hilo tena.

Soweto_Damu: Apite! Hata harusi aende, ale pilau, aombe lifti ya kurudi.

Mpenda_Asili: Samehe, kunywa maji mengi.

ChaiKavu: Huyu na maji yake.

DemioYangu: Nilitaka kusema tu kwamba sasa napanda treni ya Syokimau. Ipo tangu 2012, sikuwahi kuikanyaga. Nikipata dirisha, mpaka Imara Daima nimemaliza kurasa za michezo, foleni ya Mombasa Road nikiisikia redioni kwa jirani. Ni raha yangu hiyo, lakini naona hakuna aliyeuliza.

Abiria44: Treni tutarudia baadaye. Siku ile kanisani, mama mtoto alikusalimu?

DemioYangu: Alinisalimu. Akaniuliza mbona breki zinalia.

Soweto_Damu: Ukamjibuje???

DemioYangu: Nilimwelekeza kwa fundi wangu. Mtoto wangu si anapanda humo.