Mjadala: Mbwa kupakiwa kwenye pikipiki, kupigwe marufuku au kuwekewe utaratibu?

Wapo wanaotaka kumpakia mbwa kwenye pikipiki kupigwe marufuku moja kwa moja, kwa hoja kwamba mnyama asiyeweza kujishikilia hana nafasi kwenye chombo cha magurudumu mawili. Wapo pia wanaojibu kwamba mbwa ni wao, pikipiki ni yao, na mnyama mwenyewe anaonekana kufurahia. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinalikwepa jambo lenye uzito zaidi, yaani namna mbwa huyo anavyobebwa.

Hoja ya furaha ni dhaifu. Abiria akiona tuta hukaza magoti na kushika keria, lakini mbwa aliyekalishwa juu ya tangi la mafuta hana cha kushika, kwani kucha zake huteleza kwenye bati lililopakwa rangi. Pikipiki iliyo katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa hupita takriban mita 17 kila sekunde. Dereva akikanyaga breki ghafla, mbwa hurushwa mbele, na anayejaribu kumdaka hubaki na mkono mmoja tu wa kukiongoza chombo. Wengine humfunga kamba ya shingoni na kuikaza kwenye usukani wakidhani wamemlinda, kumbe akiteleza kamba hiyo hiyo ndiyo itakayomnyonga.

Joto nalo halitajwi vya kutosha. Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama binadamu, bali hujipoza hasa kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje. Kwa hiyo anayemfunga mdomo kwa kamba ili asimng'ate dereva, kisha akakaa naye kwenye foleni ya saa saba mchana, anamweka katika hatari kubwa hata kama hawajaanguka. Ekzosi iliyo karibu na miguu yake sina haja ya kuieleza kwa yeyote aliyewahi kuungua nayo.

Pamoja na hayo, siungi mkono marufuku ya jumla. Konda wa daladala kwa kawaida hakubali mbwa, na wafugaji wengi hawana gari. Shirika la Afya Duniani na wadau wake wamelenga kumaliza vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa kufikia mwaka 2030, na njia kuu ya kufika huko ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Tukimzuia mtu wa kijijini kutumia bodaboda siku ya chanjo, mbwa wake atabaki nyumbani bila kinga.

Dereva wa bodaboda naye ana haki ya kukataa, hasa katika miji ya pwani kama Tanga na Mombasa, ambako abiria wake wengi hufuata madhehebu ya Shafi na kuhesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mtu aendaye msikitini asikalishwe kwenye kiti kilichotoka kulambwa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutaka mbwa awe ndani ya kreti lenye matundu, lililofungwa imara kwenye keria kwa mipira, naye avalishwe mkanda wa kifuani badala ya kamba ya shingoni. Asiyeenea humo apandishwe bajaji.

Wala hatuhitaji kusubiri sheria mpya. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ambayo inahesabu kumbeba mnyama kwa namna ya kumtesa kuwa ni kosa. Kwa mtazamo wangu, kumkalisha mbwa juu ya tangi kwa matembezi ya Jumapili kunaangukia humo.

Ninaowaomba wajibu kwanza ni wanaotaka marufuku kamili: mtu asiye na gari, ambaye mbwa wake amevunjika mguu na daktari wa mifugo yuko mji wa pili, mnamtaka ampeleke kwa usafiri gani?