MJADALA: Michoro ya Mwanamfalme Maximilian irudi kwa Wamandan?

Wakuu, kila tunapodai mifupa ya dinosaria wa Tendaguru iliyoko Berlin, tunachanganya mafuvu, vinyago na picha kwenye kapu moja. Leo naomba tutenganishe.

Maximilian wa Wied, mwanamfalme wa Kijerumani, alipanda Mto Missouri kule Marekani mwaka 1833 pamoja na mchoraji wa Kiswisi, Karl Bodmer. Kipupwe walikaa Fort Clark, kituo cha biashara ya ngozi jirani na vijiji vya Wamandan, kabila la wenyeji wa asili wa huko, baridi kali mpaka rangi zikaganda. Chifu Mato-Tope akaja kuchorwa, na hakuviziwa. Alijipamba mwenyewe. Kwenye nywele kachomeka kisu cha mbao, ukumbusho wa kisu alichomnyang'anya chifu wa Wacheyenne akamuua nacho. Kifuani kajipaka kiganja cha njano, alama kwamba amewahi kuteka watu. Alipopewa karatasi na rangi, akalichora pambano hilo kwa mkono wake.

Leo kazi hizo ziko jumba la makumbusho la Joslyn, Omaha. Mimi nasema zibaki hukohuko, maana hakuibiwa mtu. Fuvu ndiyo kesi nyingine: mwanamfalme huyuhuyu alitoka Brazili na Mbotokudo (mwenyeji wa asili wa huko) aitwaye Kuêk. Kuêk akafia Ujerumani, na fuvu lake likakaa Chuo Kikuu cha Bonn mpaka liliporudishwa 2011. Hilo nani atabisha?

— Mkuu, kwenye ridhaa umepita mbio. Mwaka 1837 ndui iliingia na meli ya wafanyabiashara wa ngozi. Mato-Tope akafa, na Wamandan wapatao 1,600 wakabaki mia na kitu. Alikubali kuchorwa, sawa. Kuuzwa je? Familia ya Wied iliuza, kampuni ya gesi ya Omaha ikanunua 1962. Halafu ule mchoro wa mkono wake unauwekaje fungu moja na wa Bodmer?

— Aliuchorea mgeni wake, mkuu, kwa hiyo bado naona ni wa aliyepewa. Ila sura ya mtu si karatasi. Wazao wapo, kwenye eneo lao la Fort Berthold, jimbo la North Dakota. Anayetaka kuibandika sura ya Mato-Tope kwenye fulana au kalenda, mimi ningetaka abishe hodi kwao kwanza, si Omaha. Wanasheria humu, hilo linawezekana kwa mtu aliyekufa 1837?