"Kipara hata mume wangu anacho": yule mama wa dirisha la mwisho leo amenimaliza

Mama Dripu

Wakuu, naandika nikiwa bado kwenye ngazi za jengo lenyewe, vidole vinawaka moto, kwa hiyo mkiona herufi zimepishana msinisahihishe. Leo povu ni langu.

Simtaji jina. Mnamjua. Miwani kaipandisha kichwani, simu kaiegemeza kwenye boksi la mihuri, anakuhudumia wewe huku anacheka na mtu mwingine. Kama kuna mtu humu ameomba mafao ya ulemavu na hajapita mikononi mwake ajitokeze, huyo ana nyota.

Nimekaa foleni mpaka nimejua nani kamwacha nani katika familia ya kila aliyekuwa mbele yangu. Nafika dirishani, naweka faili. Ripoti ya daktari, majibu ya maabara, barua ya mwajiri, vyote vimepigwa mhuri mpaka karatasi imelowa wino. Hafungui. Ananitazama usoni, anarudia kunitazama, anasema, "Mgonjwa ni wewe? Na mashavu yote hayo?"

Mashavu! Deksamethasoni hiyo, mama! Nameza kabla na baada ya kila dripu ya kansa ya titi ili dawa isinidhuru, uso unavimba, watu wananisimamisha njiani kunipongeza kwamba maisha yamenikubali. Nikamweleza kwa upole, Mungu ni shahidi. Alipoendelea kuguna nikavua kilemba. Pale pale, mbele ya umati wote. Nikamwonyesha kichwa kitupu. Hata nyusi sina, hizi mnazoziona nimechora.

Akashusha miwani. Akanikagua taratibu, mbele, pembeni. Akasema:

"Kipara hata mume wangu anacho."

HATA MUME WANGU ANACHO.

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mlinzi akacheka. Nadhani hata feni ilicheka.

Ndipo akafungua fomu. "Unaweza kutembea mita mia moja bila msaada? Ndiyo au hapana." Nikamuuliza, siku gani? Maana mzunguko wangu wa matibabu ni siku 21. Siku ya kwanza napigwa dripu ya dositakseli, dawa ya kansa, na vidonge vya kapesitabini, nayo ya kansa, asubuhi na jioni mpaka siku ya 14, halafu wiki moja ya kupumzika. Siku ya pili bado nina zile deksamethasoni mwilini, nafua, nadeki, naenda kazini kama nimejazwa petroli. Siku ya tano naenda chooni nikishika ukuta. Siku ya nane seli nyeupe za kinga zimekwisha, mtu akipiga chafya nahama chumba. Siku ya ishirini naweza hata kucheza harusini. Sasa nijibu ndiyo ya siku ipi na hapana ya siku ipi? Fomu haina siku. Fomu ina visanduku viwili. Nikataka kuandika maelezo pembeni, akaivuta: "Usichafue fomu."

"Una mikono yote miwili?" Ninayo, ila haishiki. Ganzi imeingia, asubuhi vifungo vya blauzi ananifunga mwanangu wa darasa la pili. Akatia tiki: MIKONO IPO.

"Unafanya kazi?" Nafanya. Nikiacha, mshahara unakatika na bima inaondoka nao, hizo dripu nitalipa na nini, na kipara? Akasema, "Kama unafanya kazi basi wewe huna ulemavu. Ukishindwa kabisa ndiyo uje." Yaani nife kwanza, nije na cheti changu cha kifo mkononi, nipange foleni.

Kumalizia, alama za vidole. Gumba, taa nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Kumi vyote, nyekundu. Ngozi imebambuka, ncha zinang'aa, mistari hakuna. Akapangusa kioo cha mashine kwa pindo la gauni lake, tukarudia, nyekundu. Akasoma kwenye skrini, akaniambia, "Mfumo unasema haupo."

Nimesimama hapo, kilemba mkononi. Mfumo unasema sipo.

Lakini hayo yote nimesamehe, mashine haina mama. Ila ile ya kipara, wakuu. Ile ya kipara sitaisahau. Hivi huyo mume ni nani?

Nyuki Jike

Siti ya mbele. Pole sana dada yangu, ila nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Chui Mpole

Tuanze na la msingi: huyo mume analipwa mafao? Kama kipara ni kigezo, mimi nadai malimbikizo tangu 2011.

Mtu Kavu

Hii ni chai. Ofisi gani ya umma ina feni inayozunguka?

Mama Dripu

@Mtu Kavu haikuwa inazunguka, nimesema ilicheka.

Mnafanya utani, ila mimi nimevua kilemba mbele ya watu nisiowajua. Mama yangu mzazi hajaniona hivi. Halafu mtu anashusha miwani, ananikagua, anamtaja mume wake!

Sindano Taratibu

Mleta mada pole. Mimi ni muuguzi, wodi hizo nazijua. Hilo la vidole si wewe peke yako: kapesitabini inachoma viganja na nyayo, ngozi inabanduka, na kwa baadhi ya wagonjwa alama za vidole zinafutika kabisa. Mwaka 2009 jarida la Annals of Oncology liliandika habari za mgonjwa aliyezuiwa kwenye uwanja wa ndege Marekani kwa muda wa saa nne kwa sababu mashine haikumsoma. Daktari wake akashauri wagonjwa wa dawa hiyo wasafiri na barua. Kwa hiyo mwambie daktari wako akuandikie barua ya vidole, iwe peke yake, isichanganywe na ripoti.

Na ile ripoti kuu isiwe ya kutaja ugonjwa tu. "Ana kansa ya titi" haimwambii karani chochote. Iandikwe: hawezi kusimama zaidi ya dakika kadhaa, hawezi kufunga vifungo, anahitaji kulala mchana siku fulani hadi fulani za kila mzunguko. Weka na daftari, kila jioni mstari mmoja tu: leo nimeshindwa nini. Daftari la mizunguko miwili mitatu linasema ambacho visanduku viwili haviwezi.

Jingine: wiki ile ya seli nyeupe kushuka usikae kwenye foleni ya watu wanaokohoa. Homa ikifika 38, hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Usisubiri asubuhi.

Chui Mpole

@Sindano Taratibu asante kwa elimu. Je, kuna dawa ya kipara cha mume wa mtu?

Bwana Hoja

Mtanipiga mawe, ila nitasema. Mleta mada ana kazi, ana mshahara, bado anataka mafao. Wote tukifanya hivyo mfuko utabaki na nini? Kansa ni ugonjwa, ulemavu ni ulemavu. Tusichanganye madesa.

Nyuki Jike

@Bwana Hoja na wewe ni mume wa nani?

Mama Dripu

@Bwana Hoja nafanya kazi nusu siku na nusu mshahara nimeshakatwa. Siku za dripu silipwi kabisa. Hayo mafao ni ya kuziba hilo pengo, si ya kununulia gari. Bosi ananiambia "pumzika, afya kwanza", halafu mwisho wa mwezi ananihesabia siku alizoniambia nipumzike. Huyo naye angestahili uzi wake, ila leo nina mtu mmoja tu. Kipara hata mume wangu anacho! Niambieni, alitaka niseme nini? Nimpe hongera?

Mwana Majuu

Poleni huko. Kwa faida ya wasomaji: Marekani, SSDI, yaani bima ya ulemavu ya serikali kwa waliochangia kazini, hata ukikubaliwa mafao hayaanzi mpaka ipite miezi mitano kamili tangu ulemavu uanze, na ugonjwa wako lazima utarajiwe kudumu angalau miezi 12 au kukuua. Tangu 2008 wana orodha ya magonjwa yanayoharakishwa, kansa nyingi zilizosambaa zimo. Ila kinachoharakishwa ni faili, ile miezi mitano iko pale pale. Uingereza, Sheria ya Usawa ya 2010 inakuhesabu mwenye ulemavu tangu siku unayoambiwa una kansa.

Mzee wa Mihuri

@Mwana Majuu hiyo ya Uingereza ni ya kumzuia mwajiri asikubague, pesa inaombwa kwa fomu nyingine kabisa yenye maswali yake. Usiwape watu matumaini. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ule wa 2006, unasema upungufu wa "muda mrefu" wa mwili au akili, na hautaji miezi. Kila ofisi inajipimia muda mrefu wake.

Mtu Kavu

Muda mrefu ni ule wa foleni.

Nyuki Jike

Mwana Majuu hata kwenye msiba atakwambia huko kwao wanazikaje.

Goti Moja

Nyie wa kansa mna afadhali, yenu haionekani. Mimi mguu ulikatwa juu ya goti. Kila mwaka naitwa kuhakikiwa. Na ni huyo huyo mama wa miwani. Safari iliyopita akaniuliza bila kuinua kichwa, "Hali yako imebadilika?" Nikamwambia bado haujaota. Akaandika HAIJABADILIKA, akanipa karatasi ya kurudi mwakani.

Chui Mpole

@Goti Moja nimedondosha simu 😂😂 Mleta mada, umepitwa. Huyu kashinda.

Goti Moja

Sijamaliza. Lifti mbovu, hakiki iko ghorofa ya pili. Nikampigia simu kutoka chini, nikamwambia siwezi kupanda. Akasema wasiopanda wataandikwa HAWAKUTOKEA. Nikapanda kwa makalio, ngazi moja moja, magongo nimemshikisha kijana wa watu. Nimefika juu nimelowa jasho, akasema, "Kumbe unaweza!"

Sindano Taratibu

Mungu wangu.

Mtu Kavu

Hiyo naamini. Lifti mbovu nimeiona.

Mama Dripu

@Goti Moja pole sana kaka, huyo mama si mtu. Ila angalau wewe hakukulinganisha na mumewe.

Goti Moja

@Mama Dripu ningekuwa na mguu ningemwambia mumewe anao wote.

Kiroboto wa Foleni

Samahani, ni dirisha la mwisho au la tatu? La mwisho si yule baba wa kikohozi?

Mzee wa Mihuri

Walihamisha walipopaka rangi. La tatu ndilo limekuwa la mwisho, na la mwisho ni stoo.

Kiroboto wa Foleni

Basi mimi stoo nimeikalia asubuhi nzima. Hakuna kibao! Na nilipohamia foleni ya kweli nikakuta mtu wa shati la kijani kachukua namba yangu. Nilikuwa na 41, naenda kunawa tu, narudi, kaketi kwenye kiti changu, karatasi yangu mkononi mwake.

Bega la Kulia

Shati la kijani ni mimi. Hukwenda kunawa, ulitoka nje kuvuta sigara, na karatasi uliiacha sakafuni. Namba iliyo sakafuni haina mwenyewe.

Kiroboto wa Foleni

Kumbe uko humu! Namba haina mwenyewe vipi wakati nimeiwekea kalamu juu?

Bega la Kulia

Ile kalamu ya ofisi, ina kamba na haina wino.

Kiroboto wa Foleni

Kalamu ni yangu! Nilitoka nayo nyumbani! Ya ofisi ndiyo ina kamba, yangu ina kifuniko chenye meno ya mwanangu.

Bwana Hoja

Kisheria, ukiondoka kwenye foleni bila kuaga jirani umepoteza haki.

Nyuki Jike

@Bwana Hoja sheria namba ngapi? Mwana Majuu atuambie Marekani wanaagaje.

Mama Dripu

Wakuu. Uzi ni wa kipara.

Mzee wa Mihuri

Wa foleni ya wazee wa pensheni muulizeni mimi. Pale ndiyo kuna vita. Kuna bibi anafika usiku, anaweka jiwe. Ukifika alfajiri unakuta mawe thelathini, watu hakuna. Ukisogeza moja tu, wanatokea wote.

Chui Mpole

Mawe thelathini yanalipwa lakini Mama Dripu mfumo unasema hayupo 😂

Msimamizi wa Zamu

Kichwa cha uzi kimebadilishwa kuwa "Foleni, namba na madirisha: malalamiko ya jumla". Matusi dhidi ya mume wa mtumishi asiyetajwa yamefutwa. Mabishano binafsi yaende faragha.

Kiroboto wa Foleni

Msimamizi, tutaenda faragha, ila kwanza mwambie arudishe kalamu.

Bega la Kulia

Njoo kesho. Nitakuwa nimeketi, namba 12.