Timu ya mbio ya watoto wanaosomea nyumbani: Karura, uwanja wa kukodi au klabu?

Mama Tumaini
Habari zenu wadau. Tuko familia kadhaa tunaosomesha watoto nyumbani na tumeamua kuanzisha timu ya mbio. Tunavutana kati ya mambo matatu: kukutana msitu wa Karura hapa Nairobi, kukodi uwanja wa shule fulani pamoja na kocha wake, au kuwaandikisha watoto kwenye klabu iliyopo tayari. Mwenye uwanja anataka arubuni kufikia Ijumaa. Mliopitia njia hii, nisaidieni.

Baba Pacha
Dada, umetualika harusi bila kututajia bibi harusi. Familia kadhaa ni ngapi? Watoto wana miaka mingapi? Mnakaa wapi? Arubuni yenyewe ni pesa ngapi? Na siku zenyewe?

Karura Kila Jumamosi
Mimi sihitaji hata hayo majibu. Ni Karura. Msitu wa zaidi ya hekta elfu moja, hakuna matatu ya kumkosakosa mtoto, na njia za udongo zinamhurumia goti kuliko lami. Kiingilio unalipa kwa simu. Angalizo ni mawili tu: waendesha baiskeli kwenye kona, na tumbili. Mtoto asitoe ndizi kwenye begi mkiwa mmepumzika. Wa kwangu alinyang'anywa chapati ikiwa tayari mdomoni.

Raundi Nne
Msitu ni mzuri kwa matembezi na pikniki. Timu inataka uwanja. Mita 400 zilezile, wiki baada ya wiki, ndipo mtoto ajue kama anaimarika. Pale chini ya miti simu tatu zitakupa umbali wa aina tatu. Halafu mpeleke mtoto Kasarani siku moja aone ule uwanja tu. Vijana wa chini ya miaka 18 wa dunia nzima walishindana pale 2017, wa chini ya 20 wakaja 2021, na mwaka huohuo Omanyala akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 palepale.

Baba Pacha
Omanyala ameingiaje hapa jamani? Hatujaambiwa hata kama hawa watoto wameota meno.

Mama Tumaini
😂 Samahani, niliandika nikipika. Familia tano, watoto 11. Mdogo ana miaka 6, mkubwa 14. Mbili tuko South B, mmoja Ruaka, mmoja Kahawa Sukari, mmoja Rongai. Tunataka Jumanne na Alhamisi saa nne asubuhi. Uwanja ni elfu tatu na mia tano kwa saa mbili, kocha akiwemo, ila ulipe muhula mzima mapema.

Karura Kila Jumamosi
Rongai! Upande wa pili kabisa wa jiji!

Mama Neema
Usilipe muhula mzima. Narudia, usilipe. Kaa nikusimulie.

Miaka miwili iliyopita tulikuwa familia nne, tukakodi uwanja wa shule, jina naliacha. Wiki 12 tukalipa zote. Wiki ya tatu tunafika tunakuta mahema na viti vya plastiki, ni siku ya zawadi. Soja ananiambia, "Madam, leo kuna wageni." Wiki ya tano, mitihani, hawataki kelele. Kumbuka saa nne asubuhi ndiyo saa wenyewe wako shuleni, wanahitaji uwanja wao. Kudai pesa zirudi, tukaambiwa aliyezipokea alishaondoka.

Lakini pesa si kitu. Kocha mwenyewe alikuwa anawapanga wote mstari mmoja, wa miaka minane na wa kumi na minne, raundi sita, na wa mwisho anapiga push-up mbele ya wenzake. Wa mwisho alikuwa wangu, kila mara. Siku moja alikuwa amekunywa uji, akatapika kona ya pili, nikamkuta amejificha nyuma ya goli anajifuta kwa soksi. Baadaye akaanza kuchechemea asubuhi akishuka ngazi. Daktari akasema kisigino, mfupa wa hapo bado unakua na umezidiwa na kazi. Apumzike. Alipona vizuri, lakini mpaka leo akiona zile koni za rangi ya machungwa anasema tumbo linamuuma.

Raundi Nne
Pole sana mama. Ila huyo ni kocha mbaya. Uwanja haujakosa.

Mama Neema
Uwanja ulikuja na kocha. Na wake pia unakuja na kocha. Soma vizuri.

Nesi wa Zamu
Nakubaliana na Mama Neema kuhusu kisigino, wa umri huo tunawaona sana. Wa miaka 6 hahitaji ratiba ya mazoezi. Mpe mchezo wa kukimbizana, kupokezana kijiti, kuruka kigogo. Wa 14 anaweza kupewa kazi ya kweli, na hata huyo usimwongezee umbali kwa pupa. Gawa makundi mawili kabla hujachagua mahali.

Wakili Mtaani
Naona mnaandika tu kwa uhuru. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 mmeisoma? Na Ibara ya 53 ya Katiba?

Baba Pacha
Wakili, huu uzi ni wa raba na vumbi. Hayo ya uhalali wa kusomesha nyumbani yana uzi wake, na kule mligombana mpaka ukafungwa.

Wakili Mtaani
Lina uhusiano. Mashindano ya shule mtoto anaingia kwa jina la shule. Hawa wa nyumbani wataingia kwa jina gani? Ndiyo maana mimi ningesema klabu. Angalau yule wa 14 akiwa na mbio kweli, apate pa kushindania.

Mama Tumaini
Hilo sikuwa nimelifikiria. Yeye ndiye anayeuliza kila siku, "Tutashindana na nani?"

Kijana wa Iten
Sisi tulikimbia peku na hatukuwa na kocha. Waacheni wakimbie.

Nesi wa Zamu
Peku kwenye nyasi sawa. Nairobi hii yenye vizibo na vioo, hapana.

Mtumba Safi
Raba msinunue mpya, miguu inakua kila mwezi. Njoo soko la Gikomba mapema. Bonyeza soli kwa kidole gumba, ikiwa ngumu kama sabuni ya kipande iache hata kama juu inang'aa. Ninazo za watoto namba 31 hadi 36.

Baba Pacha
Biashara imefika 😂. Mama Tumaini, mmefikiria Arboretum, ile bustani ya miti? Ni padogo lakini ni katikati, na wa Rongai hatapanda tena matatu ya pili hadi Limuru Road kufika Karura. Makundi mawili mnayaona yote mkiwa mmesimama mahali pamoja.

Karura Kila Jumamosi
Arboretum ukikimbia dakika kumi umeshamaliza miti.

Baba Pacha
Wa miaka 6 anataka dakika ngapi?

Karura Kila Jumamosi
Na mvua ya Aprili je? Ingawa, haki isemwe, Karura nayo ule udongo mwekundu ukilowa mnarudi nyumbani na viatu vya kilo mbili.

Mama Tumaini
Mwenye uwanja amenipigia sasa hivi. Nimemwambia tulipe kwa mwezi, amesema atauliza. Alhamisi tunakwenda Arboretum kujaribu tu, wa Ruaka ananuna, anataka Karura. Wa Rongai hajajibu tangu jana. Mtumba Safi, ile namba 33 bado ipo?

Mtumba Safi
Ipo, ya bluu. Kamba moja imekatika lakini nitakuwekea nyingine.