Trauti au karpi? Maji yangu yanacheza kati ya nyuzi 11 na 19

Ndoo_Tupu
Wakuu, naombeni mawazo. Naanza kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yaleyale (akwaponiki): nina tangi la lita 1,000 lililounganishwa na vitanda viwili vya kokoto vya kupandia. Nimepima joto wiki tatu mfululizo: alfajiri nyuzi 11, saa tisa alasiri 19. Sato nimeshamfuta, baridi hii haimfai. Nimebaki na samaki wawili wa kuchagua, trauti na karpi. Nimchukue nani?

MzeeMatamvua
Trauti hukua vizuri kati ya nyuzi 12 na 16. Kwa 19 hafi, ila hamu ya kula inapungua, na akikaribia 25 huyo humpati tena. Lakini usikitazame kipimajoto peke yake. Maji ya nyuzi 10 hubeba oksijeni kama miligramu 11.3 kwa lita, ya nyuzi 20 hubeba 9.1 tu, tena hapo yawe yameshiba kabisa. Joto likipanda samaki anahitaji oksijeni zaidi, na ndipo maji yanapombania. Oksijeni ikienda chini ya miligramu 6, trauti anaanza kutaabika. Karpi hata kwenye 4 anajikongoja.

Niliwahi kuwa na trauti 40. Mchana mmoja niliwakuta wamejazana chini ya bomba la maji yanayoingia, matamvua yakipiga mbiombio kama kifua cha mtu aliyekimbizwa. Nilikuwa nimewalisha nusu saa kabla. Nilisahau kwamba samaki aliyeshiba anatumia oksijeni nyingi zaidi. Kufika jioni nilikuwa nimeopoa 11. Siku hizi nalisha asubuhi na mapema, na mchana wa joto siwapi hata punje.

Bi_Kokoto
Mzee, kwa oksijeni sikubishii, ila umewaacha nje bakteria, wale wanaogeuza amonia anayoitoa samaki kuwa nitriti, kisha nitreti inayolisha mboga. Wao raha yao ni nyuzi 25 hadi 30. Ukishuka kwenye 18, kasi yao ya kuongezeka inabaki kama nusu, na kwenye 8 hadi 10 ni kama robo. Yaani baridi ileile anayoipenda trauti ndiyo inayowalegeza wasafishaji wake. Watu wengi wanaingiza samaki kwenye mfumo mpya wa baridi wiki ya pili, nitriti inapanda, halafu wanalaumu mbegu, yaani vifaranga vya samaki. Nitriti ikiingia mwilini damu inakuwa ya kahawia na haibebi oksijeni. Samaki anahema juujuu huku jiwe la hewa linatoa mapovu vizuri tu! Trauti ni mwepesi sana kudhurika hapo.

Ndoo_Tupu, pH yako (kipimo cha uasidi wa maji) ngapi?

Ndoo_Tupu
8 kamili, dada. Ni mbaya?

Bi_Kokoto
Kwa mwanzo, ndiyo, uwe macho. Kwenye pH 8 na nyuzi 15, karibu asilimia 2.7 ya amonia yote iko katika umbo lenye sumu. Kwenye pH 7 haifiki hata asilimia 0.3. Trauti usimpitishe miligramu 0.02 kwa lita ya hiyo yenye sumu, maana yake kipimo chako cha amonia yote kikisoma 0.75 umeshafika ukingoni. Usiishushe pH kwa mkupuo. Bakteria wakishaanza kazi wataishusha wenyewe polepole. Ikikaribia 6 ndipo uiinue, la sivyo nao wanagoma.

PampuYaUsiku
Mimi ni mtu wa karpi na sijuti. Umeme ukikatika usiku, trauti waliosongamana wanaweza kuisha kabla hujavaa viatu. Karpi anakupa muda wa kuamka. Ila niseme ukweli: maji yangu yako juu ya 22 muda mwingi. Kwa 11 hadi 19 zako karpi atadonoa tu, kilo haziji. Akila kidogo anachafua kidogo, na mboga zako zitakosa nitreti.

Halafu mbona maji yanapanda na kushuka nyuzi nane kwa siku moja? Tangi liko juani, na usiku vitanda vinayapoza. Weka kivuli, funika tangi kwa kitu kisichopitisha joto, na usiku punguza mzunguko wa kwenye vitanda. Pampu ya hewa usiizime hata dakika moja.

Ndoo_Tupu
Basi ni trauti, lakini 15, si 40. Kivuli kwanza, kisha pampu ya pili ya hewa yenye betri, na samaki hawaingii mpaka amonia na nitriti zisome sifuri. Kwenye vitanda nitaweka saladi na spinachi. Nyanya nimezifuta pamoja na sato.

MzeeMatamvua
15 sawa. Hizo sifuri hakikisha umezipata huku ukiwalisha bakteria amonia kidogo kila siku, maana tangi tupu nalo husoma sifuri. Na oksijeni usiipime alfajiri ukajidanganya. Ipime saa tisa alasiri, joto likiwa juu.