Bima ya safari kwa mama mwenye presha: nichukue ya bei nafuu?

Mwendapole: Wakuu, habari zenu. Nampeleka mama nchi za Schengen (zile za Ulaya zinazotumia viza moja) wiki tatu, anaenda kumwona mdogo wangu. Ana miaka 68, ana presha na anameza dawa kila siku. Nimepata bima mbili. Zote zinalipia matibabu kufikia yuro 30,000 zinazotakiwa kwa viza, ila ya pili bei yake ni karibu mara mbili. Wakala anasema zote ubalozi unazikubali, nisijitese. Mnashaurije?

Kitochi: Chukua ya bei nafuu, mkuu. Wanachoangalia ni hiyo yuro 30,000, iwe halali nchi zote za Schengen kwa siku zote mtakazokaa, na igharimie kumrudisha mgonjwa nyumbani. Basi.

Nungunungu: Kitochi, wewe unamkatia bima afisa wa viza, mwenzako anamkatia mama yake! Mwendapole, fungua kurasa za yasiyolipiwa, tafuta panaposema maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kukata bima. Nyingi za bei ya chini hazigusi hayo. Mama akipata kiharusi, daktari ataandika kuwa ana presha ya siku nyingi, na kampuni itashikilia hapohapo. Wala usifiche presha kwenye fomu ili bei ishuke. Wakiitisha faili lake la hospitali, madai yote wanayatupa.

Mama Wawili: Nakazia. Uliza pia kama wanailipa hospitali moja kwa moja, au unalipa wewe kwanza halafu wanakurudishia. Kama huna cha kutanguliza, hiyo ya kurudishiwa itakusaidia nini usiku wa dharura? Na ile namba yao ya saa 24 ipigie usiku kabla hujalipa, uone kama kuna mtu anapokea. Mambo ya begi kupotea mimi siyapi uzito. Shirika la ndege linawajibika kwa kiwango fulani, ila ni vizuri uripoti kabla hujatoka uwanjani.

Kitochi: Haya, nimeelewa. Aulize basi na viza ikikataliwa kama pesa inarudi.

Mwendapole: Nimepiga kote. Ya bei nafuu presha hawaigusi kabisa. Ya pili wanalipia dharura ya presha ikiwa dawa hazijabadilishwa ndani ya miezi sita. Sasa daktari kampandishia mama dozi mwezi uliopita. Nimekwama.

Nungunungu: Hujakwama. Waandikie barua pepe, eleza hilo la dozi na tarehe yake, uombe wajibu kwa maandishi. Baadhi huongeza bei kidogo wakakubali. Wakikataa, tafuta kampuni ya tatu. Ila usiridhike na jibu la simu, siku ya madai hakuna atakayelikumbuka.

Mama Wawili: Na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu ya dawa zake. Mama akae nayo kwenye mkoba wake pamoja na dawa, visipakiwe kwenye begi kubwa.