Mjadala: Taasisi ya umma iwape jukwaa wanaombuni upya Chopin?

Mwanzisha mada:
Wakuu, salaam. Poland ina sheria ya Februari 3, 2001 inayozitaja kazi za Fryderyk Chopin, mtunzi wa muziki wa piano wa karne ya 19, kuwa mali ya taifa zima, zinazostahili ulinzi wa pekee. Mwaka huohuo ikaundwa taasisi ya taifa yenye jina lake. Lakini tangu 1994 kuna mpiga piano Andrzej Jagodziński, na wenzake wawili wa besi na drams, wanaopiga vipande vya Chopin kwa mtindo wa jazi: wanaanza na sauti unayoijua, halafu wanabuni papo hapo. Wenye kulinda urithi wawape hao jukwaa na fedha za umma, au wawaachie klabu za jazi? Mimi nasema wawape. Nawasilisha.

Mwalimu wa piano:
Napinga. Chopin hakuwa mtu wa "vyovyote vile". Alipokaribia kufa mwaka 1849 aliomba miswada ya muziki wake ambayo haijachapishwa ichomwe. Asiyetaka hata rasimu zake mwenyewe zitoke, leo mnataka apigiwe solo ya drams?
Chukueni preludi yake (kipande kifupi cha piano) ya E ndogo, yaani E minor, opus 28 namba 4. Mkono wa kulia karibu hausogei. Kazi yote iko kushoto, kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinashuka kidogokidogo, nusu hatua kwa nusu hatua, na ukimya ule wa karibu na mwisho nao ni sehemu ya wimbo. Besi ikijaza pale, umebaki na nini? Jina la Chopin kwenye tiketi, basi.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, preludi hiyohiyo ilipigwa kwa organi kwenye mazishi yake, kanisa la Madeleine, Paris. Hakuna aliyelia kwamba ala imebadilishwa.
Na miswada hiyo unayoitaja, rafiki yake Julian Fontana aliichapisha mwaka 1855 kwa ridhaa ya familia. Bila ukaidi ule tusingekuwa na Fantaisie-Impromptu, ambayo nina hakika wanafunzi wako wanaipiga. Fontana huyohuyo aliandika kwamba kazi zilizokamilika za Chopin ni mwangwi tu wa yale aliyokuwa akiyabuni palepale kwenye piano. Tena kwenye nota za wanafunzi wake, kwa mfano kipande chake cha nokturno, opus 9 namba 2, Chopin aliongeza mapambo tofauti kwa mkono wake. Nani basi aliyesema toleo ni moja?

Mdau, Unguja:
Huku kwetu kwenye taarabu, mpiga ganuni akipewa nafasi ya taksimu (kubuni peke yake) ndani ya bashrafu, kipande cha ala bila kuimba, hakuna anayesema kaharibu. Ila yumo ndani ya maqam, yaani mpangilio wa sauti wa wimbo, akitoka tu wazee wanamgeukia. Hao watatu mpaka wao uko wapi? Hilo sijajibiwa.

Msomaji wa historia:
Msiwacheke Wapolandi kwa sheria yao. Mwaka 1863 askari wa Urusi waliitupa dirishani piano ya Chopin jijini Warsaw. Mwaka 1940 Wajerumani wakalipua sanamu yake bustanini Łazienki, na muziki wake ukapigwa marufuku hadharani. Aliyenyang'anywa hivyo hulinda kwa wivu. Lakini jazi nayo ilibanwa nchini humo enzi za Stalin, kwa hiyo anayeichanganya na Chopin haleti mgeni nyumbani.

Mwalimu wa piano:
Suala la mwanafunzi kuandikiwa mapambo na bwana mwenyewe si sawa na mtu wa 1994 kujiandikia. Wapige, sikatai, ila tangazo liseme "muziki wa Jagodziński kutokana na Chopin", na fedha zitoke fungu la jazi.

Mwanzisha mada:
Tangazo nakubali. Fungu la fedha hapana. Tangu 1927 shindano la piano la Chopin jijini Warsaw linawaalika vijana wa dunia nzima kupiga nota zilezile, na huo tunauita ulinzi. Lakini Chopin alikuwa pia na uwezo wa kubuni papo hapo, nao unalindwa na nani? Mdau wa Unguja, mpaka wao nauona kwenye kodi: sauti ya juu inazurura, kushoto wanarudi kwa Chopin. Wakiziacha kodi, hapo nitakuwa upande wa Mwalimu.